Binti Yangu na Sanduku la Dobini

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kiti karibu na dirisha, taa nimezima ili nione nje vizuri, na kila gari lililopunguza mwendo pale kwenye kona lilininyanyua. Binti yangu alikuwa ameitwa na tajiri wa dobi anakofanya kazi, saa kumi na moja jioni, wakati wenzake wanavua aproni waende makwao. Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita, simu yake haipatikani. Mimi nikisikia mtu kaitwa na tajiri jioni, najua jambo moja tu: kuna kitu kimeungua. Nikaanza kuvihesabu vitu anavyoweza kuwa ameviunguza. Shuka za hoteli. Suti ya bwana harusi. Koti la daktari. Kufika saa nne nilikuwa nimeshapanga maneno ya kwenda kumwombea msamaha, na nguo ya kuvaa nikienda.

Aliingia saa tano kasoro, viatu mkononi, akaketi pembeni ya kitanda changu.

"Mama, wamenipa usimamizi."

"Wa nini?"

"Wa dobi yote."

"Na ulikuwa wapi saa zote hizi?"

"Nilikuwa natembea tu. Sikutaka unione natetemeka."

Nikamshika mikono. Akanieleza kila kitu pale pale gizani. Msimamizi wa zamani, mama mmoja mkali aliyekaa pale miaka ishirini, alikuwa amestaafu. Hoteli mbili zilikuwa zimeanza kuondoa nguo zao kidogo kidogo na kuzipeleka kwa dobi mwingine mwenye mashine mpya, na hakuna aliyejua sababu nyingine. Tajiri alikuwa amechoka. Alimpa miezi sita. Kama hata hoteli moja haitarudi, anafunga dobi, na jengo anawapangisha watu wa saruji waligeuze kuwa ghala. Wanawake kumi na mmoja watarudi nyumbani, pamoja na fundi wa boila, pamoja na yeye.

"Kwa nini wewe?" nilimwuliza. Siyo swali zuri kwa mama kuuliza, lakini lilinitoka.

"Kasema mimi sina maneno mengi."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, kwa sababu nilijua yale maneno aliyapunguza nani.

Mimi nilifika darasa la nne. Nilibaki na mtoto huyu peke yangu akiwa na miaka mitatu, baba yake alipofariki, na niliogopa kila kitu kwa niaba yake. Alipokuwa na miaka sita alichukua mwavuli wangu wa pekee, akauvunja mbavu zake zote, akazisimika kwenye uwanja na kuzifunika kitambaa, akaniita nije nione nyumba ya vifaranga. Ilikuwa nyumba nzuri, sasa naweza kusema. Siku ile nilimchapa. Nikamwambia mtoto mzuri hagusi kitu kabla hajauliza, na akiambiwa hivi anafanya hivi. Akashika. Akashika kuliko nilivyotaka. Shuleni walimu walimsifu kwa utulivu, na mimi nikawa najisifu kwa majirani kwamba mtoto wangu hana usumbufu. Alipoanza kupiga pasi kule dobini, akiwa na miaka ishirini na mbili, wenzake walikaa naye mwezi mzima hawajasikia sauti yake, wakamwita Kimya. Miaka tisa ameitwa hivyo. Hata mimi siku nyingine namwita hivyo, na ananiitikia.

Pamoja na usimamizi alipewa mafunzo. Yalikuwa mafunzo ya viongozi wa biashara, ya kufikiri kwa ubunifu, Jumamosi mbili kila mwezi, kwenye ukumbi wenye zulia. Tajiri alikuwa amejiandikisha yeye mwenyewe, akaona uvivu, akampa Kimya nafasi yake. Sikuelewa. Nilidhani kufikiri ni kama kupumua, na sijawahi kusikia mtu kaenda darasani kufundishwa kupumua. Lakini nilimpigia pasi blauzi yake nyeupe, yeye mpiga pasi, maana siku ile mikono yake haikuwa ya kuaminika.

Alirudi saa tisa mchana, akaweka kibanio cha nguo mezani, kile cha mbao, akakikodolea macho.

"Umewaibia?" nikamwuliza.

"Tumegawiwa. Mkufunzi katupa dakika kumi, tuandike kazi zote ambazo kitu hiki kinaweza kufanya. Wenye tai wameandika ishirini, mmoja kaandika ishirini na saba. Mimi nimeandika sita. Na katika hizo sita, Mama, moja ni kubania shati, ya pili kubania shuka, ya tatu kubania soksi."

"Na ya nne?"

"Taulo."

Nilitaka kucheka nikaona macho yake. Kule ukumbini alikuwa amekwenda kujifungia chooni mpaka wakati wa chai ulipokwisha. Basi nikakichukua kile kibanio nikaanza kukigeuza mkononi, ili tu niseme kitu.

"Kinabana mfuko wa unga," nikasema. "Kinashika pazia upepo ukivuma. Kinashika msumari usijigonge kidole. Mishumaa ikiwa haina kinara, unakilaza hivi. Marehemu baba yako alikuwa anakoroma, siku moja nilimbana pua."

"Mama."

"Alipoamka alidhani ni nge. Akapiga mto mpaka ukapasuka."

Akacheka mpaka akaweka kichwa mezani. Tukaendelea, yeye akiandika na mimi nikitaja, na baadaye yeye akitaja na mimi nikipinga, mpaka tukafika thelathini na moja. Halafu akaweka kalamu chini akaniangalia.

"Kumbe unajua. Mbona mimi sikuweza?"

Nilikwenda jikoni kuangalia chungu ambacho hakikuwa na kitu.

Kutoka kwenye mafunzo yale alileta kanuni moja nyumbani, na ilinitesa kuliko yeye. Mtu akitoa wazo, hata liwe la kichaa, usilikatae mpaka dakika moja ipite. Katika dakika hiyo unaruhusiwa kuuliza tu. Tukakubaliana tuifanyie mazoezi. Siku ya kwanza niligundua kwamba mimi neno langu la kwanza kwa kila kitu ni hapana. Tuhamishe kabati? Hapana. Tupike mapema leo? Hapana. Alikuwa ananiangalia na saa mkononi, na mimi nameza mate. Nilifikisha miaka hamsini na mitatu bila kujua kwamba ndani ya dakika moja hofu yangu huwa inaanza kulegea.

Mwezi wa pili akaamua kuitisha mkutano na wenzake. Akakesha akiandika maneno kwenye karatasi. Asubuhi ile aliwasimamisha wote kwenye meza ndefu ya kukunjia shuka. Walikuwa wanawake kumi na mmoja na fundi wa boila, ambaye hupenda kusimama mlangoni kama mtu wa kupita. Akawasomea karatasi. Akawaambia kila mmoja anayo nafasi ya kuchangia fikra bunifu kwa ajili ya uboreshaji wa huduma. Maneno aliyatoa kwenye daftari la mafunzo, na aliyasoma haraka kwa woga, kama mtu anayekimbia mvua.

"Mna mawazo gani?" akamalizia.

Kimya chake, sasa, kikamrudia. Mwishoni akasema mmoja wao, mama mzee kuliko wote, anayepiga pasi pale tangu enzi za pasi za mkaa. Wanamwita Bibi Mvuke.

"Mwanangu, wewe ndiye bosi. Tuambie unataka nini, tufanye."

Kuna mwingine pale, wa zamu hiyo hiyo, wanamwita Redio kwa sababu mdomo wake hauna swichi ya kuzimia. Hata Redio siku ile alikuwa anachunguza kucha zake.

Alirudi nyumbani amekunjamana. Mkufunzi alikuwa amewashauri waweke sanduku la maoni, kwa ajili ya wafanyakazi wanaoona haya kusema. Basi akamwomba seremala jirani amtengenezee, la mbao, lenye mlango mdogo wa kufuli na tundu juu. Akalipigilia misumari ukutani karibu na meza za pasi. Akawaeleza tena ni la nini, kwa maneno yale yale ya daftari. Akawauliza kama wameelewa. Wote wakaitikia kwa vichwa.

Ningekuwepo ningemwambia. Mtu aliyelelewa kama nilivyomlea yeye, ukimwuliza kama ameelewa, anaitikia. Hiyo ni adabu, wala haihusiani na kuelewa.

Wiki mbili baadaye akaja na sanduku lote mikononi, amelibandua ukutani. Sijamwona na uso kama ule tangu alipokuwa mtoto.

"Limejaa, Mama. Sikia lilivyo zito." Akalitikisa. Likalia kama njuga.

Nikaona ajabu kidogo, maana karatasi hazilii. Nikajiuma ulimi.

Akalifungua, akalimwaga juu ya meza. Vikatoka vifungo. Vikatoka vibana nywele, funguo tatu, kalamu, soksi ya mtoto, hereni moja, tiketi zilizofuliwa zikawa kama uji mkavu, na jino. Jino la mtu mzima, la kubandika. Karatasi ya maoni haikuwemo hata moja.

Alisimama akaangalia. Kisha akaelewa kabla yangu, akanieleza kwa sauti ndogo. Dobini kuna sheria tangu zamani kwamba chochote kitakachokutwa kwenye mfuko wa nguo ya mteja, au kitakachodondoka kwenye nguo, kinatiwa kwenye kopo la msimamizi. Yule mama wa zamani alipostaafu aliondoka na kopo lake. Wenzake walipoona sanduku jipya lenye tundu ukutani, wakasema sawa, kopo limerudi.

Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati, akaketi akalia. "Nimewaambia mara mbili," akasema. "Mara mbili, Mama. Sasa tajiri akiniuliza wenzangu wana mawazo gani, nimwonyeshe jino?"

Neno langu lilikuwa tayari. Nilitaka kumwambia arudishe usimamizi, aombe pasi yake ya zamani, tuishi kwa amani. Sikulisema. Kwa kuwa siwezi kukaa mikono mitupu mtu anapolia, nikaanza kupanga vifungo, vyeupe huku, vyeusi huku. Karibu kila kimoja kilikuwa kimefungwa kwenye kipande kidogo cha shuka chakavu, kimekazwa kwa uzi. Nikafungua kimoja. Ndani ya kitambaa kulikuwa na maandishi, kwa ile kalamu yao ya kutia alama nguo.

"Hapa wameandika nini?" nikamwuliza. Miwani yangu ilikuwa chumbani.

Akafuta macho, akasoma. "Namba saba. Shati la mhudumu. Cha nne kutoka juu." Akachukua kingine. "Namba saba. Shati la mhudumu. Cha nne kutoka juu." Akachukua cha tatu, halafu akaacha kulia kabisa.

"Namba saba ni nani?" nikauliza.

"Ni ile hoteli kubwa iliyoondoka."

Tulifungua vyote. Vifungo hamsini na nane, na arobaini na moja kati yake vilikuwa vya zile hoteli mbili, kutoka nguo zao za mwisho zilizokuwa zikimaliziwa. Kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha nne kutoka juu, na vyote vilikuwa vimepasuka katikati kama karanga.

"Nani aliwaambia waandike?" akasema, lakini alikuwa anajiuliza mwenyewe. "Kwenye kopo la zamani hatukuwa tunaandika. Nani aliwaambia?"

Kesho yake hakuchukua karatasi yoyote. Alivipanga vile vifungo kwenye meza ya kukunjia, mstari mmoja mrefu, kila kimoja juu ya kitambaa chake. Walipoingia kazini akawauliza swali moja tu, kwa sauti yake ya siku zote.

"Hivi vinapasuka vipi?"

Mambo haya nimesimuliwa na Redio, na Redio hasimulii, anaigiza, kwa hiyo nayajua kama nilikuwepo.

"Mdomo wa pasi kubwa," akasema mmoja mara moja. Pasi kubwa ni ile mashine ya mvuke inayofunga juu ya shati kama kinywa. "Ukifunga, ukingo wa chuma unaangukia pale pale cha nne."

"Tangu lini?"

"Tangu wabadilishe mashati yao. Haya mapya vifungo vinene."

"Na mlikuwa mnajua?"

"Sote tunajua," Redio akasema. "Wewe mwenyewe ulikuwa unajua, ulikuwa pasi ya tatu. Au umeshakuwa mkubwa umesahau?"

Kimya akakubali kwamba alikuwa anajua. Alikuwa amevipasua vya kutosha na yeye, na hakumwambia mtu.

"Yule wa zamani ukimpelekea kifungo alikuwa anakwambia umezembea," Bibi Mvuke akasema. "Basi tunakitupa koponi, tunanyamaza. Kopo lenyewe lilikuwa halifunguliwi. La kwako tulijua utalifungua, ndiyo maana tukaandika."

"Lakini nilisema ni sanduku la maoni."

"Ulisema maneno mengi siku ile, dada," Redio akasema. "Mimi nilidhani unatuaga."

Wakacheka wote, na Kimya akacheka. Hapo ndipo mazungumzo yalipofunguka, hayakufunga tena mpaka saa ya chakula. Mmoja akasema washone vifungo upya kila shati, wakamwuliza utakuwa na mikono mingapi. Mwingine akasema shati ligeuzwe. Fundi wa boila, kutoka mlangoni kwake, akasema yeye anaweza kuukata ule ukingo wa chuma, na Redio akamwambia akaukate wa boila lake kwanza. Kimya alikuwa na saa. Kila wazo alilipa dakika yake, na asubuhi ile hakutoa la kwake hata moja. Mwishoni Bibi Mvuke, ambaye wakati wote alikuwa amekaa na mkasi mkononi, akainuka na kipande cha blanketi kuukuu alichokikunja mara tatu. Alikuwa amekitoboa matundu saba kwenye mstari. Akakilaza kwenye kitako cha mashine, akalaza shati kifudifudi juu yake, vifungo vikazama kwenye matundu kama mayai kwenye kiota. Akafunga mdomo wa pasi. Mvuke ukapanda. Alipofungua, vifungo saba vyote vilikuwa vizima.

"Mimi nyumbani nafanya hivi kwa taulo," akasema. "Tangu ujana wangu. Hapa hakuna aliyeniuliza."

Miezi iliyofuata Kimya alikuwa mtu wa kutoka. Alichukua mashati kumi na mawili yaliyopigwa pasi juu ya blanketi, na vile vitu vya mifukoni kila kimoja kwenye kimfuko chake cha kitambaa chenye namba, akavipeleka hotelini mwenyewe. Msimamizi wa nguo kule alivuta vifungo kimoja kimoja. Akakiri kwamba wahudumu wao walikuwa wanabaki vifua wazi mbele ya wageni, na kwamba walishaandika barua mara mbili bila kujibiwa. Barua ziliishia kwa yule mama wa zamani. Lakini wakasema wana mkataba na yule dobi mwingine, watafikiri. Mwezi wa nne wakafikiri. Mwezi wa tano wakafikiri.

Mwezi wa sita tajiri akatuma ujumbe kwamba atakuja Alhamisi kusikiliza. Jumatano jioni Kimya aliniambia atampanga Bibi Mvuke aonyeshe lile blanketi.

"Hapana," nikasema, na sikungoja dakika. "Wewe onyesha. Tajiri akijua akili ni ya yule bibi, atakuuliza wewe wa nini. Mwanangu, mara hii moja tu, chukua sifa. Kuna ubaya gani?"

Akaangalia saa yake, akaingoja ile dakika yangu kwa niaba yangu.

"Nikilichukua la Bibi," akasema, "kesho nani ataniletea la pili?"

Nililala na wasiwasi wangu.

Alhamisi tajiri alikuja na viatu vyake vinavyong'aa, akasimama mbele ya pasi kubwa. Bibi Mvuke akaonyesha. Tajiri akachukua shati, akahesabu vifungo.

"Nani kabuni hiki?"

"Bibi," Kimya akasema.

"Na wewe umefanya nini?"

Redio anasema pale wote walishika pumzi, hata boila.

"Mimi nilifungua sanduku."

"Sanduku."

"Ndiyo. Na nikauliza. Walikuwa wanajua siku zote."

Tajiri hakucheka wala hakununa. Akamwuliza kama hoteli imejibu, akaambiwa bado. Akaweka shati mezani, akasema watu wa saruji wanakuja Jumamosi kupima jengo. Yeye atakwenda kuongea na hoteli mwenyewe, na Jumatatu asubuhi watajua. Akaondoka na shati moja chini ya kwapa.

Jumamosi watu wa saruji walikuja kweli, na kamba zao za kupimia. Walipima hata mahali Bibi Mvuke anapotundika koti lake. Jumapili nilimkuta binti yangu ameketi mlangoni kwetu, anakula chungwa polepole. Nikaketi karibu naye.

"Ulifanya vizuri kumtaja Bibi," nikamwambia.

"Umesema kweli au unaniliwaza?"

"Nimelifikiria siku tatu, nimeona sina cha kulikataa."

Akanikatia kipande cha chungwa. Nikamweleza, bila kupanga, habari za ule mwavuli. Nilidhani hakumbuki. Alikumbuka rangi yake, alikumbuka vifaranga walikuwa wanne. Nikamwambia ilikuwa nyumba nzuri. Akatafuna kwa muda mrefu, halafu akasema, "Ilikuwa inavuja, Mama," na akaniegemea bega.

Jumatatu nilimsindikiza. Nilimdanganya kwamba nina shughuli upande ule, naye akajifanya ameamini. Tulifika kabla ya saa kumi na mbili, na wanawake wenzake wote walikuwa wameshafika, wamesimama mbele ya ule mlango mkubwa wa chuma, kila mmoja na mkoba wake, hakuna anayeongea. Hata Redio. Mlinzi ambaye hufungua hakuwepo. Mara mmoja akanong'ona kwamba kufuli halipo. Kweli, pete zilikuwa tupu. Mtu alikuwa ndani, na hatukujua kama ni mtu wetu au ni watu wa saruji wenye ufunguo wao.

Bibi Mvuke akamshika Kimya mkono. "Lolote litakalokuwa," akasema, "mimi nimeulizwa."

Kimya akaukandamiza ule mkono. Kisha akasogea mbele ya wenzake wote, akagonga.

Hakuna aliyejibu. Akagonga tena. Nilihesabu moyoni, nikafika kumi, nikafika ishirini. Ndani kitu kizito kikaburutwa sakafuni, komeo likalia, na mlango ukasukumwa kutoka ndani. Akatokeza fundi wa boila, shati limemganda mgongoni, amenuna kama mtu aliyeamshwa.

"Mnagonga nini, mmeleta posa?" akasema. "Tajiri kanitoa kitandani saa tisa niwashe boila. Hoteli wameshusha mafurushi sita, yote namba saba, nimeyaburuta peke yangu. Haya, ingieni, maji yanachemka bure."

Kimya akasimama kando, ameushikilia mlango kwa mgongo wake, akiwapisha mmoja mmoja.